Hii Nayo ni Ngoma?

Mtu akialikwa kwa mara ya kwanza kwenye onyesho la dansi ya kisasa, huwa na swali moja, na mara nyingi humnong'oneza jirani yake kabla dakika kumi hazijapita: "Hii nayo ni ngoma?"

Ana haki ya kuuliza. Amezoea ngoma yenye ngoma: mpigaji ametokwa jasho, watu wamezunguka, kuna vigelegele na kuna anayetunza. Hapa anamwona mtu mmoja mwembamba amesimama peke yake, mabega yakitetemeka kama ya mgonjwa wa homa. Muziki bado haujaanza, na huenda usianze kabisa. Mchezaji anapiga hatua mbili, anasita, anazungumza kidogo, anasita tena. Taa zinazimwa, watu wanapiga makofi, na mgeni wetu anapiga ya adabu.

Sura hii inalijibu swali lake kwa kufuata historia ya kundi moja tu. Linaitwa Studios Kabako na makao yake ni Kisangani, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambako sokoni unaweza kuanza bei kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kilingala. Limecheza Paris, Brussels, Avignon na New York, lakini limekataa kuhamia huko. Ukielewa sababu za kukataa, utakuwa umepata nusu ya jibu.

Kwanza tuelewane maneno

Neno "dansi" linaweza kutupotosha. Ukimtajia dansi mkazi wa Dar es Salaam, akili yake inakimbilia bendi za Sikinde na Msondo: gitaa, tarumbeta, ukumbi, Jumapili jioni. Ukimtajia "shoo", anawaona vijana waliovaa sare nyuma ya mwimbaji, wakikata viuno kwa mpigo mmoja. Hizo zote ni sanaa kamili, lakini hapa tunazungumzia kitu kingine.

- Dansi ya kisasa ni sanaa ya jukwaani ambamo mwili ndio unaobeba hoja. Haifungwi na hatua za kabila fulani wala mtindo wa bendi fulani. Inaweza kuazima kokote: ngoma za jando, ndombolo, sarakasi, hata mwendo wa mtu anayekimbia risasi.
- Koreografa ni mtunzi wa miondoko. Kama vile mtunzi wa taarab anavyochagua neno na kulitupa lingine, yeye huchagua mkono huu unyooke na ule ubaki mfukoni.
- Kundi la dansi ya kisasa kwa kawaida lina koreografa, wachezaji, fundi wa taa, fundi wa sauti, na mtu mmoja asiyeonekana kamwe jukwaani ambaye kazi yake ni kutafuta fedha, viza na tiketi.

Tofauti kubwa na ngoma za kijijini ni hii: kwenye ngoma ya mavuno au ya harusi, kila aliyepo anajua kwa nini watu wanacheza. Dansi ya kisasa haina mavuno wala bwana harusi. Kila kazi mpya inabidi ijitafutie sababu yake.

Kijana wa Ubundu

Faustin Linyekula alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, mji mdogo ulio juu ya maporomoko ya Boyoma kwenye mto Kongo. Maporomoko hayo hayapitiki kwa meli, ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 hivi kutoka Kisangani hadi Ubundu, ili mzigo uzunguke maji na kupakiwa upya mbele. Kijana huyo alikulia kwenye ncha mbili za reli hiyo.

Hakusomea dansi. Alisoma fasihi na maigizo Kisangani, akiwa na marafiki waliopenda vitabu kama yeye. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zaire ya Mobutu ilikuwa inabomoka. Vyuo vikuu vilifungwa. Wanajeshi wasiolipwa mishahara walipora miji mwaka 1991, wakarudia mwaka 1993. Mwaka huo wa 1993 Linyekula alivuka mipaka akaingia Nairobi.

Huko alikutana na Opiyo Okach, Mkenya aliyekuwa amesomea London sanaa ya kuigiza bila maneno, na mchezaji Afrah Tenambergen. Mwaka 1997 watatu hao waliunda Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka uliofuata kazi yao iitwayo *Cleansing* ilipata tuzo Luanda, Angola, kwenye mashindano ya makoreografa wa Afrika.

Tuzo ya Luanda iliwafungulia milango ya Ulaya. Linyekula alifanya kazi Ufaransa na kwingineko, na mwaka 2000 akashirikiana na Gregory Maqoma wa Afrika Kusini. Angeweza kubaki. Wasanii wengi wa rika lake walibaki, na hakuna wa kuwalaumu: nyumbani kulikuwa na vita.

*Kwa kifupi hadi hapa:* mwanzilishi wa Studios Kabako alikuja kwenye dansi kwa njia ya vitabu na maigizo, akajifunzia uhamishoni Nairobi, akapata jina Luanda, na alipofika mahali pa kustarehe akaanza kufikiria kurudi.

Jina la marehemu

Alirudi mwaka 2001, ila hakuweza kufika kwao. Kongo ilikuwa imegawanyika vipande vipande. Rais Laurent-Désiré Kabila alikuwa ameuawa Januari mwaka huo. Kisangani ilikuwa mikononi mwa waasi, na meli za kutoka mji mkuu kwenda huko zilikuwa zimesimama. Kwa hiyo mwezi Juni Linyekula aliweka kambi Kinshasa, akaanzisha kundi.

Tazama jina alilolipa. Hakuliita "Ballet" wala "Kampuni ya Linyekula". Aliliita *Studios*, kwa wingi, yaani vyumba vya kazi, karakana. Akaongeza *Kabako*. Richard Kabako alikuwa mmoja wa wale marafiki wa Kisangani, mwandishi, aliyekufa kwa tauni, ugonjwa ambao watu wengi hudhani uliishia kwenye vitabu vya historia. Kwetu mtoto hupewa jina la babu ili babu aendelee kuitwa uani. Linyekula alifanya vivyo hivyo kwa rafiki yake, isipokuwa aliyepewa jina alikuwa kundi la dansi. Tangu hapo, kila bango linapobandikwa mahali popote duniani, Kabako anaitwa.

Kuhusu karakana, Kinshasa ya wakati ule haikuwa na nyingi za kumfaa mchezaji. Jambo hili linaonekana dogo mpaka uruke juu ya saruji kwa saa sita. Mchezaji wa dansi ya kisasa hujitupa chini, hubiringika, huinuka, hurudia mara 40 hadi mwondoko ukae. Sakafu nzuri ni ya mbao iliyonyanyuliwa kidogo, inayonesa, halafu juu yake linatandikwa zulia la mpira lisiloteleza. Saruji hainesi. Inaurudisha uzito wote kwenye goti na kifundo cha mguu. Ongeza umeme unaokatika bila taarifa, na utaona kwa nini kazi nyingi za mwanzo za kundi hili zilitungwa ziweze kusimama na vifaa vichache mno.

Linyekula amekuwa akisema mara kwa mara kwamba urithi aliopokea ni rundo la magofu. Hakukusudia kupamba maneno. Alimaanisha nyumba zilizobomoka, shule zilizofungwa, na pia hadithi za taifa zilizogeuka uongo. Dansi yake inafanana na mtu anayetembea juu ya kifusi: hakanyagi kwa uhakika, anapima kwanza. Hapo ndipo unapotoka ule mtetemo wa mabega uliomchosha mgeni wetu.

Kwa nini Kisangani?

Kati ya mwaka 2006 na 2007 kundi lilihamisha makao yake kutoka Kinshasa hadi Kisangani. Kwa hesabu za kawaida ilikuwa biashara ya hasara. Kinshasa ina balozi, vituo vya utamaduni, wanahabari na ndege za kwenda Ulaya. Kisangani iko zaidi ya kilomita 1,700 juu ya mto, na barabara ya kuaminika ya kuiunganisha na mji mkuu hakuna.

Lakini Kisangani si mji mtupu. Mwaka 1887 Tippu Tip, tajiri wa Unguja, aliwekwa kuwa liwali wa eneo hilo, na misafara ya watu wake ndiyo iliyokipandisha Kiswahili hadi kwenye kingo zile. Baadaye Wabelgiji wakauita mji huo Stanleyville. Baada ya uhuru ukapitia maasi, mamluki na uporaji. Kisha, Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa yameingia Kongo kama washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji kwa siku sita. Zaidi ya makombora 6,600 yaliangukia mitaa ya raia.

Huo ndio mji ambao kundi la dansi liliamua kuweka makao. Hoja ya Linyekula ilikuwa rahisi: ikiwa kijana wa Kisangani lazima aende Kinshasa ili aonekane, halafu aende Paris ili aheshimiwe, basi mji wake utabaki kuwa mahali pa kuondoka tu. Karakana za Kabako zikapanuka. Pakawa na mahali pa mazoezi, pa kurekodi muziki na pa kufanyia kazi za filamu. Vijana waliokuja kujifunza hawakulazimika kucheza kazi za mwanzilishi. Walisaidiwa kutunga zao.

Kundi la dansi linakula nini?

Hili ni swali la pili ambalo wasomaji huuliza, na ni la haki. Tiketi za Kisangani haziwezi kulipa mishahara. Makundi ya aina hii huishi kwa mchanganyiko wa vyanzo:

1. Uzalishaji wa pamoja. Majumba ya maigizo na matamasha huchangia fedha kabla kazi haijatungwa, kwa ahadi kwamba itaonyeshwa kwao. Ni kama mchezo wa kupeana: kila mmoja anaweka chake, na mtunzi anapokea wa kwanza.
2. Ada ya onyesho. Kazi ikikamilika, kila jukwaa linaloialika hulipa kundi, pamoja na safari na malazi.
3. Ukaazi. Jumba fulani humkaribisha msanii kwa majuma au miezi, likimpa chumba cha mazoezi, posho na mafundi.
4. Tuzo na ruzuku. Hizi hazitabiriki, lakini zikija huweza kujenga ukuta. Mwaka 2007 Linyekula alipewa Tuzo Kuu ya Prince Claus ya Uholanzi.

Kwa hiyo fedha hutafutwa kwa sehemu kubwa Ulaya na kazi hufanyika Kisangani. Mpango huu una gharama zake. Mchezaji mmoja akinyimwa viza, onyesho zima linayumba. Na lipo swali la kudumu linalowasumbua wasanii wa Afrika wa fani hii: unatunga kwa ajili ya nani, aliyelipa au jirani yako?

Kazi mbili kwa karibu

Jibu la kundi kwa swali hilo linaonekana kwenye kazi zenyewe.

Ya kwanza ni *Dinozord*, iliyoanza mwaka 2006 Vienna, kwenye tamasha la kuadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa Mozart. Jina ni la mchezaji wa hip hop wa Kinshasa aliyeshiriki. Linyekula alialikwa kwenye sherehe ya mtunzi wa Austria, akaja na msiba wa Kisangani. Ndani ya kazi hiyo zinasikika sehemu za misa ya wafu ya Mozart, na mmoja wa waimbaji ni Serge Kakudji, kijana wa Kolwezi aliyejaliwa sauti ya juu ambayo kwa kawaida huitarajii kifuani mwa mwanamume. Maandishi ni ya Kabako aliyefariki na ya rafiki mwingine wa ujana, Antoine Vumilia Muhindo, ambaye wakati huo alikuwa gerezani Makala, Kinshasa, akiwa amehukumiwa kifo katika kesi ya mauaji ya Kabila. Ukiitazama kwa jicho la kwetu, mambo yanajipanga: ni matanga. Wapo wanaolia, yupo anayesimulia habari za marehemu, na yupo kijana anayeanza kucheza kwa sababu matanga nayo yana usiku mrefu. Kazi hiyo ilifanyiwa upya mwaka 2012 na kuendelea kuzunguka.

Ya pili ni *more more more... future* ya mwaka 2009. Hapa mgeni wetu wa mwanzo angefurahi, kwani kuna gitaa. Tena gitaa lenyewe ni la Flamme Kapaya, aliyewahi kuipigia bendi ya mwanamuziki Werrason. Mpigo ni ndombolo, ila umekolezwa na makelele ya roki ya vijana wa Uingereza wa miaka ya 1970, wale waliokuwa wakipiga kelele kwamba hakuna kesho. Linyekula aliigeuza kauli yao. Mahali ambapo kesho haijawahi kuahidiwa mtu, alisema, mtu hudai kesho zaidi. Mavazi yalibuniwa na Xuly Bët, mshonaji mzaliwa wa Mali anayefanya kazi Paris na anayejulikana kwa kutengeneza nguo mpya kutokana na mitumba. Maneno ya nyimbo yalikuwa mashairi ya Vumilia kutoka gerezani. Ndombolo ambayo kwa kawaida husifia matajiri wanaotajwa majina ikawa inabeba maneno ya mfungwa. Vumilia mwenyewe alitoroka baadaye, akapata hifadhi Sweden.

*Kwa kifupi:* kundi linalipwa na majukwaa ya mbali, lakini wafu, wafungwa na wapiga gitaa wanaopandishwa jukwaani ni wa nyumbani.

Ng'ambo ya mto

Kisangani imekatwa na mto. Upande mmoja una ofisi, kanisa kuu na soko. Upande wa pili ni wilaya ya Lubunga, na kuvuka aghalabu ni kwa mtumbwi. Mtu wa Lubunga akitaka kutazama onyesho la jioni mjini, atawaza kwanza atarudije gizani. Ukiweka jukwaa mjini peke yake, umemfungia mlango bila kugusa kufuli.

Studios Kabako ikaanza kufanya kazi Lubunga kwenyewe. Kwa kushirikiana na mbunifu wa majengo Bärbel Müller wa Vienna, ilifikiria karakana zilizotawanyika mitaani, badala ya jumba moja kubwa la fahari. Na ilipoanza kuzungumza na wakazi, ikakuta hitaji ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha dansi: maji ya kunywa. Watu wanaishi kando ya mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji, na maji salama hawana. Kundi likaingia kwenye mradi wa kusafisha maji. Mwaka 2014 kazi ya Kisangani, hasa ya Lubunga, ilipata tuzo ya Curry Stone ya Marekani, tuzo ya ubunifu unaobadili maisha ya jamii.

Msomaji anaweza kusema hapo kundi limeacha fani. Wenyewe wanaona vingine. Mwili unaocheza ndio huohuo unaokunywa, na mtoto mwenye kuhara haji mazoezini.

Ngoma ya mwaka 1974

Tumeacha kwa makusudi jambo moja la mwanzo. Mwaka ambao Linyekula alizaliwa ndio mwaka ambao Zaire ilijivunia kundi lake la taifa, Ballet National du Zaïre. Mobutu, baada ya ziara zake China na Korea Kaskazini, alikuwa ameipenda sana ngoma kama chombo cha utawala. Wafanyakazi, wanafunzi na akina mama waliimba na kucheza kumsifu kiongozi. Jambo hilo liliitwa *animation politique*, yaani uhamasishaji wa kisiasa. Msomaji aliyewahi kusimamishwa juani akiwa mtoto wa shule kumpokea mgeni wa taifa atalielewa hilo bila maelezo. Ballet ya taifa ilikuwa na kazi adhimu zaidi: kuchukua ngoma za makabila yote, kuzitia katika onyesho moja na kuonyesha taifa moja. Kazi yake kubwa ya mwaka 1974 ilikuwa utendi wa Lianja, shujaa wa Wamongo.

Hakuna aliyeuliza kama ile ilikuwa ngoma. Kulikuwa na ngozi, njuga, manyoya na mpigo. Taifa lililochezwa jukwaani ndilo lililokuwa na walakini.

Mwaka 2019 jumba la maigizo la NTGent la Ubelgiji lilimwalika Linyekula atunge kazi juu ya historia ya maigizo. Angeweza kuchagua Wagiriki au Shakespeare. Alichagua ule mwaka wake wa kuzaliwa. Akawatafuta wachezaji wa Ballet ya taifa waliokuwa bado hai, na watatu kati yao wakapanda jukwaani Avignon, Ufaransa, mwezi Julai: Marie-Jeanne Ndjoku Masula, Wawina Lifeteke na Ikondongo Mukoko. Walikuwa wazee sasa. Aliyewaongoza alikuwa Linyekula, aliyekuwa mtoto mchanga walipokuwa kileleni.

Wazee walisimulia walivyochaguliwa, walivyosafirishwa, walivyopigiwa makofi na wakubwa wa dunia, kisha walivyosahauliwa. Hapakuwa na ngozi wala manyoya ya kutosha kujaza jukwaa, na mpigaji mmoja hawezi kufanya kazi ya kikosi kizima. Magoti yalikuwa yamechoka. Mikono ilipoinuliwa, ilibidi kwanza ikumbuke ilikuwa inakwenda wapi. Halafu wakaanza kucheza Lianja.